Mpangaji wa Keko

Ukimuuliza kazi yake, alijibu, "Mimi ni mpangaji." Dar es Salaam neno hilo tunalijua kwa maana moja: unalipa kodi, na mwenye nyumba anakugongea mlango. Na kweli alikuwa amepanga chumba kimoja Keko, kitanda na meza, baiskeli inaning'inia ukutani. Lakini yeye alimaanisha kupanga muziki, yaani kuuchukua wimbo ambao kila mtu anaujua na kuugawa, huyu apulize hiki, yule kile, hadi ukitoka unakuwa wimbo uleule na si uleule. Watu walicheka, naye hakuwahi kuonyesha kama alikuwa anatania.

Tulimwita Afande. Aliingia bendi ya askari miaka michache kabla ya Uhuru, akafundishwa na Waingereza, akaanzia kwenye ngoma, akaja tromboni, mwisho akashika ile fimbo nyembamba ya kuongozea. Babu yake alikuwa mtu wa beni, zile ngoma za mashindano zilizoiga bendi za kijeshi, enzi zile vijana wa mji huu walipokuwa ama wa kundi la Marini ama la Arinoti. Babu alikuwa Marini. Hata miaka ya tisini Afande alilitamka neno "Arinoti" kama shabiki anavyowataja watani wa jadi.

Mimi nilimpata akiwa amekwisha kustaafu, anafundisha matarumbeta kanisani kwetu Temeke. Tulikuwa kumi na mmoja: tarumbeta nne, honi mbili, tromboni mbili, baritoni, tuba na ngoma kubwa. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, napiga sauti ya tatu, ile ambayo mama yako akija kukusikiliza hawezi kujua wewe ni yupi.

Hapa lazima nieleze jambo la kiufundi kidogo. Tarumbeta zetu zilikuwa za B flati. Ukipuliza bila kubonyeza kitu unaweza kupata sauti ambayo kwenye kinanda ni B flati. Bendi za askari, kwa utaratibu wa Kiingereza, huiandika sauti hiyo kama C, kwa hiyo mwandishi ndiye anayepandisha kila noti hatua moja, mpigaji hana habari. Makanisa ya Kijerumani yana njia yao, iliyoenezwa na mchungaji Johannes Kuhlo wa Bethel, Ujerumani, aliyefariki 1941: tarumbeta isome noti kama zilivyo kwenye kitabu cha kinanda, na mpigaji mwenyewe ajue vidole vyake viende wapi. Wamisionari wa Bethel walifanya kazi Usambara na Bukoba. Na wapiga tarumbeta wetu wawili, wazee wenye heshima zao, walijifunzia Bukoba.

Siku ya kwanza Afande aliweka karatasi moja mbele ya wote wanne. Tukapuliza. Zikatoka nyimbo mbili zilizopishana hatua moja, zinasuguana kama bati juu ya bati. Mwenyekiti wetu akasema wazee wajifunze upya. Afande akakataa. "Hawa wana miaka hamsini na kitu. Vidole vyao viacheni." Kisha akanitazama mimi, kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri. "Atakayejifunza ni huyu."

Ndivyo nilivyokuwa mnakili wake. Aliandika wimbo mzima kwenye karatasi moja, kwa sol-fa, do-re-mi, kama walimu wa kwaya. Mimi nilikuwa nautoa kwa kila mpigaji kwa namna anayoisoma: wazee noti za Bukoba, mimi na mwenzangu noti za askari, honi ambazo ni za E flati nazo zina hesabu yake. Juu ya karatasi hakuandika "tarumbeta ya kwanza" wala "ya pili". Aliandika mtu. Yangu ilisema "Mtoto wa Maandazi", kwa ajili ya biashara ya mama. Mpiga baritoni alikuwa hawezi kushikilia pumzi ndefu, kwa hiyo sauti yake ilijaa vituo vidogo, na pale anapopumua honi zinaingia kuziba pengo. Nilimuuliza kwa nini asiandike kama vitabuni. Akasema, "Vitabuni wamepanga kwa watu walio vitabuni. Mimi napanga kwa watu nilio nao."

Alikuwa na kaseti moja aliyoitunza kuliko redio yenyewe: ile Suite ya Kwanza, yaani mfululizo wa vipande vya muziki, ya mtunzi Mwingereza Gustav Holst, ya 1909, iliyoandikwa kwa ajili ya bendi ya kijeshi. Inaanza na tuba na yufoniamu, ndugu yake mdogo, huko chini kabisa, sauti moja inatembea polepole. "Umesikia? Wa chini ndio wanaanza." Holst mwenyewe alikuwa mpiga tromboni, na kwa Afande hilo lilieleza kila kitu.

Mara moja alituuliza nani alitunga wimbo wa taifa. Tukajibu kwa kishindo: Enoch Sontonga, 1897, mwalimu wa shule huko Afrika Kusini. "Vizuri. Na ile sauti ya honi ya pili, bendi inapoupiga uwanjani, ni nani aliipanga?" Kimya. Akafungua daftari, tukaendelea na mazoezi.

Sasa Pasaka ya 1995, Aprili 16. Desturi yetu ilikuwa kutoka kanisani saa kumi na moja alfajiri, tunazunguka mitaa tukipiga, kisha tunaingia makaburini Chang'ombe kabla jua halijachomoza. Afande alikuwa ameupanga upya wimbo mmoja wa Pasaka, na mimi nilikuwa na wiki mbili za kunakili.

Amri yake ilikuwa moja: penseli. Lakini mjomba alikuwa amenizawadia kalamu ya wino, ile ya kujaza, na wino wa buluu uliokuwa unang'aa. Nilinakili karatasi zote kumi za wapulizaji kwa kalamu ile. Mikia ya noti niliichora kama shingo za bata. Jumamosi jioni nikampelekea Keko.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba." Akazipitia moja moja, akaleta ya tuba karibu na taa. "Nzuri. Mvua ikinyesha?"

"Haitanyesha, Afande."

Masika, katikati ya Aprili, mimi nasema haitanyesha. Hakubishana. Ule mswada wake wa sol-fa niliuacha pale mezani kwake, na ndipo ulipobaki.

Mvua ilitukuta tumekwisha kuvuka barabara ya Chang'ombe, na haikuanza na manyunyu. Karatasi tulikuwa tumezibana kwenye vyombo kwa vibanio vya nguo. Niliangalia yangu: shingo za bata zinateremka, zinakutana, zinakuwa ziwa. Mpiga tuba alikuwa na hali mbaya zaidi, maana karatasi yake ilikuwa inatazama juu kama sahani. Alisoma mistari miwili, akaona buluu tupu, akaacha. Tuba ikinyamaza hata asiyejua muziki anahisi, kama mtu kavuta mkeka.

Waumini zaidi ya mia walikuwa nyuma yetu, kanga vichwani, wanaimba. Afande alikuwa mbele, anatembea kinyumenyume kama kawaida yake. Akaiingiza fimbo mfukoni. Akainua mkono wa kulia, akafunga ngumi.

Sisi vijana hatukuelewa. Mpiga tuba alielewa, maana alikuwa amesoma shule ya misheni, na ishara zile za mkono za John Curwen, Mwingereza wa karne ya 19, zilifundishwa kwa viboko. Ngumi ni do. Kiganja kilicholala tambarare ni mi. Kiganja kilichosimama, kikimtazama mwenyewe, ni so. Mkono ukining'inia kutoka kwenye kifundo ni la. Kidole kikielekezwa juu ni ti, kinachotamani kwenda do. Mkono wa kulia ukawa unamsomea mpiga tuba sauti yake noti kwa noti, na wa kushoto unatuhesabia mapigo sisi wengine, tuliobaki na vichwa vyetu tu. Maji yanamtiririka kutoka kwenye kofia, anarudi nyuma kwenye matope, hatazami anakokanyaga. Wapiga tarumbeta wa Bukoba walikuwa wamefumba macho. Ile sehemu ya baritoni kupumua ilipofika, honi zikaingia bila kuambiwa.

Beti nne. Tukaingia makaburini tumelowa hadi kwenye soksi, na mchungaji akaanza kusoma kana kwamba hakuna kilichotokea.

Sikuwa na uso wa kumtazama. Baada ya ibada alizikusanya karatasi, akazikamua kama matambara, akanipa lile donge. "Kesho jioni. Njoo na penseli."

Jumatatu ya Pasaka niliingia chumbani kwake nimejiandaa kugombezwa. Mswada ulikuwa mezani, lakini hakuufungua. Alikaa kitandani, akanitajia wimbo mzima kutoka kichwani, akianza na tuba, kisha baritoni, tromboni, honi, akipanda juu sauti moja baada ya nyingine, na mimi naandika. Alipofika tarumbeta ya tatu akasimama. "Hiyo unaijua. Andika mwenyewe."

Niliandika nilivyokuwa nikipiga. Alichukua karatasi, akasoma, kidole kikatua kwenye mstari wa tatu.

"Hapa umeandika la."

"Ndiyo, Afande."

Akafungua mswada, akanionyesha. So. Iliandikwa so tangu mwanzo, tena nadhifu. Nilikuwa nimeinakili so kwa wino wangu wa buluu, kisha kwenye mazoezi yote, na alfajiri ile kwenye mvua, nikapiga la bila kujua.

Nikachukua ufutio. Akanishika mkono.

"Ulikuwa unaipiga kwa nguvu," alisema. "Nilikuwa naisikia."

Akavuta karatasi ya tuba, akafuta do, akaandika la. Akavuta ya tromboni ya kwanza, akafuta so, akaandika do. Akaimba kwa sauti ndogo jinsi zitakavyokaa pamoja: la, do, mi. Mahali palipokuwa na furaha tupu pakaingia kivuli kidogo, katikati ya wimbo wa Pasaka. Akarudia mara mbili, kichwa kimeinama, kisha akanirudishia penseli.

"Sasa ya pili," akasema. "Tuone kama na yeye anahitaji kuhamishwa."