Corvair na upepo wa tairi

Chevrolet walipoitoa gari lao Corvair, modeli ya 1960, waliweka injini nyuma: silinda 6 zilizolala, zinapozwa kwa hewa. Uzito zaidi ya 60% ukaangukia magurudumu ya nyuma. Dawa ya kiwanda ikawa upepo: psi (kipimo cha upepo wa tairi) 15 mbele, 26 nyuma, tairi zikiwa baridi. Nani anakumbuka hilo akiwa kituo cha mafuta? Ukijaza zote sawa, mbele kunashika kuliko nyuma na kwenye kona kali mkia wa gari unateleza nje. Ekseli za nyuma zilikuwa na kiungo upande wa ndani tu, hivyo gurudumu likaweza kujikunja chini ya gari.

Stabilaiza ya mbele, yaani fito inayozuia gari kulala upande kwenye kona, waliiacha kubana gharama. Ubahili wa ajabu! Ikaja 1964, pamoja na springi ya bapa iliyokingama nyuma. 1965 wakabadilisha mfumo wote wa ekseli na springi za nyuma.

Na belti ya feni, jamani: inatoka krenki (shafti kuu ya injini) ikiwa wima, inakunjwa nyuzi 90 kwenye puli mbili hadi feni iliyolala juu ya injini. Ikikazwa mno inaua beringi. Ikilegea inaruka, na injini haina maji ya kuiokoa.