Swichi ya Biashara Ndogo: Hesabu Wati Kabla ya Kuhesabu Porti

Kila ninapoombwa ushauri kuhusu swichi ya mtandao (kifaa kinachounganisha vifaa vya ofisi kwa kebo) kwa biashara ndogo, jambo la kwanza ninaloulizwa ni idadi ya porti, yaani matundu ya kuchomeka kebo. Jibu lake halichukui muda: hesabu vifaa vyote vitakavyounganishwa kwa waya, ikiwemo ruta, kisha ongeza porti chache kwa ajili ya vifaa vya baadaye. Kuhusu wati, karibu hakuna anayeuliza, nami nililipuuza suala hilo hadi liliponikosesha usingizi.

Nilifunga mtandao wa ofisi moja yenye kamera kumi za usalama, simu nane za mezani na vifaa vitatu vya kusambaza Wi-Fi, vyote vikipata umeme kupitia kebo ileile ya mtandao, kwa utaratibu uitwao PoE. Mchana hakukuwa na tatizo lolote. Giza lilipoingia, kamera mbili zilizimika, zikawaka, kisha zikazimika tena. Nilibadilisha kebo, nikabadilisha hata kamera, bila mafanikio. Kumbe kamera zile zinapowasha taa zake za kuonea gizani hula umeme zaidi, na swichi ikifikia kikomo chake cha jumla hukata umeme kwenye baadhi ya porti ili nyingine ziendelee kupata.

Nilipokaa na kalamu, hesabu ilikuwa wazi. Mchana kamera zilitumia wati 6 kila moja, simu wati 6, na vifaa vya Wi-Fi wati 17, yaani jumla ya wati 159. Usiku kamera zilipanda hadi wati 10, jumla ikawa 199, ilhali swichi ilikuwa na uwezo wa wati 190. Mimi nilikuwa nimesoma tu kwamba kila porti inatoa hadi wati 30, kiwango kilichoidhinishwa mwaka 2009 kwa jina la 802.3at, nikasahau kwamba porti zake zote 24 kutoa kiasi hicho kwa pamoja kungehitaji wati 720. Uwezo wa jumla wa swichi huandikwa kwenye karatasi yake ya maelezo ya kiufundi, na ndio ninaoutafuta kwanza siku hizi.

Kuhusu kasi sina mengi: gigabiti moja kwa sekunde kwa kila porti inatosha ofisi nyingi ndogo. Ila nashauri kwa dhati kununua swichi inayoweza kusanidiwa, yaani kubadilishwa mipangilio, hata ya daraja la chini, kwa sababu hiyo hukuwezesha kutumia VLAN (mitandao iliyotengwa ndani ya swichi moja) kutenganisha Wi-Fi ya wageni na kompyuta za uhasibu, na huweza kuzuia mzunguko unaotokea mtu anapochomeka ncha zote mbili za kebo moja kwenye swichi ileile. Swichi isiyo na kinga hiyo itazungusha pakiti (vipande vya data) zilezile bila kikomo hadi mtandao wote ukwame, na kumtafuta aliyechomeka kebo hiyo kunaweza kumaliza nusu siku ya kazi.

Ile ofisi niliiwekea swichi ya wati 370. Kwa kuwa ilikuwa na feni zenye kelele ambazo ya awali haikuwa nazo, ilibidi tuihamishe kutoka pembeni mwa meza ya mapokezi hadi kwenye chumba kidogo chenye hewa ya kutosha, na kuvuta upya kebo zote.