Peugeot 404 ya mzee wa tumbaku

Pikapu niliyonunua ilikuwa imekaa chini ya mwembe miaka saba, na kuku walikuwa wakitagia kwenye kiti cha abiria. Ni Peugeot 404, ile ambayo gia zake ziko kwenye usukani, na betri ikikuangusha unaiwasha kwa hendeli kupitia tundu la bampa. Mwenyewe, mzee mmoja wa karibu na Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, aliyekuwa akibebea tumbaku, alitaka milioni nne. Nilimpa tatu na nusu, nikawajengea kuku banda.

"Mwanangu," akaniambia tukipeana mikono, "gari hili lilishinda Safari Rally." Si hilo lenyewe, bila shaka, na zile za mashindano zilikuwa saluni. Lakini 404 ilishinda kweli mwaka 1963, ikashinda tena 1966, 1967 na 1968, enzi ambazo mbio hizo zilipita hata Uganda. Mzee alisimulia kana kwamba usukani alikuwa ameushika yeye.

Kabla ya kutoa pesa nililinganisha namba ya chasisi na ya kwenye kadi, nikaona jina ni lake. Baada ya hapo lori likatuvuta hadi Arua.

Wiki ya kwanza sikutengeneza chochote, nilifumua tu. Kila fundi aliyepita alikuwa ameweka kiraka chake juu ya kiraka cha mwenzake. Injini ilikuwa imeegemea kipande cha tairi la lori. Umeme wa taa za mbele ulipitia waya wa redio, mwembamba kama uzi. Tangi la mafuta lilikuwa la bati, limechomelewa mtaani, limekaa nyuma ya kabini na mdomo wake juu. Bodi ya nyuma ilikuwa ya mbao za mvule. Nikagawa ukurasa wa daftari mara mbili: vinavyotoka, vinavyobaki. Mvule ilibaki, sikuhitaji hata kufikiri. Tangi nalo likabaki, kwa sababu halikuvuja na mfuko wangu ulikuwa umeanza kulalamika.

Injini ilikuwa imekwama. Rafiki yangu akashauri tuivute kwa gari jingine, nikakataa, maana pete za pistoni zilizoshikwa na kutu zinaweza kukatika. Tulitoa plagi, tukamimina oili iliyochanganywa na dizeli katika kila silinda, tukaiacha siku nne. Siku ya tano tukatia gia ya nne, tukawa tunaisukuma pikapu mbele na nyuma kidogo kidogo, hadi ikaachia. Nilipofungua oili ya chini, ikatoka kama chai ya maziwa. Maji yameingia, hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, lazima ifunguliwe.

Hapo ndipo nilipolipia ujinga wangu. Injini hii ina laina, yaani mapipa ambamo pistoni hupanda na kushuka, zinazozungukwa na maji moja kwa moja, na hedi ndiyo inayozikandamiza zikae. Ukishaitoa, usizungushe injini kabla hujazibana laina kwa bolti na washa kubwa. Nilikuwa nimelisoma hilo kwenye kitabu cha gari usiku wa kuamkia kazi. Asubuhi nikaenda kunywa chai bila kumwambia fundi, ambaye maisha yake yote ameshika Toyota. Narudi, namkuta amezungusha ili asafishe pistoni, na laina mbili zimeinuka. "Mwalimu, hizi mbona zinapanda?" akaniuliza. Sikuwa na la kumjibu. Zikatoka zote nne, kwa sababu mihuri ya chini, zile pete za kuzuia maji yasipite, ikishasogezwa haiaminiki tena.

Mihuri hiyo haikupatikana Arua. Nikapanda basi la usiku hadi Kampala, nikashinda Kisekka, soko la vipuri vya magari, nikiwa na mhuri mmoja wa zamani mfukoni, nauonyesha duka baada ya duka. Vijana walinicheka: "Mzee, gari hilo bado linatembea?" Nina miaka 46. Alasiri nikapelekwa kwa muuzaji mmoja aliyetoa boksi lenye vumbi chini ya meza, akataja bei bila hata kunitazama, nikalipa. Kabureta nilikuja kuipata Ariwara, upande wa Kongo, kwa nusu ya bei niliyotajiwa Kampala.

Hedi ilipigwa randa kidogo sana, kwa kuwa ni ya alumini na ilikuwa imepinda. Wakati wa kurudisha tulihakikisha laina zimechomoza juu ya bloku, yaani mwili wa injini, kwa unene wa unywele na zote ziko sawa. Laina iliyozama haibanwi, na maji yatarudi kwenye oili. Kisha tukagombana nusu saa kuhusu silinda ya kwanza ni ipi. Mimi nilishikilia kuwa kwa Peugeot inahesabiwa kutoka upande wa klachi, fundi akashikilia kuwa ni mbele, kwenye feni. Ndipo tukagundua kwamba mpangilio wa moto, yaani zamu za silinda kuwaka, ni 1-3-4-2, na ukiusoma kutoka upande wowote unapata mzunguko uleule. Tulicheka mpaka mke wangu akatoka nje kuangalia.

Ikawaka mara ya tatu ya hendeli.

Safari ya kwanza haikufika kilomita mbili. Magurudumu yalianza kubana yenyewe, na nilipogusa ngoma ya breki nikaungua kidole. Kuna fundi wa zamani aliyejaza oili ya injini mahali pa mafuta ya breki, na mipira yote ilikuwa imevimba kama maharage yaliyolowekwa. Kosa langu ni kwamba nilikuwa nimeongeza mafuta mapya juu yake bila kufungua. Tukabadilisha kila mpira, tukasafisha mabomba kwa spiriti. Hapa sikubana senti hata moja.

Rangi sina la kusema sana. Chini ya ile nyekundu kulikuwa na buluu ya mbingu, nikairudia hiyohiyo, kwa mkono wa kijana wa jirani. Ukiitazama karibu utaona mawimbi.

Mwezi uliopita niliipeleka Koboko. Mzee alizunguka mara mbili kimya, akapapasa mvule, akafungua mlango, akainama kuchungulia nyuma ya kiti.

"Kile kijiti kiko wapi?"

"Kijiti gani, mzee?"

"Cha mwanzi, chenye alama tano. Cha kupimia petroli."

Nilikuwa nakikumbuka vizuri. Nilikichukulia kama takataka ya kuku, nikakorogea rangi, nikakitupa. Nilipomwambia, alinitazama kwa muda, akaita mjukuu wake alete panga, akaelekea kwenye mianzi nyuma ya nyumba.