Kutoka hekta hadi bomba la lita 20: nilivyozoea kugeuza vipimo dukani

Dawa nyingi za shambani zimeandikwa kiwango chake kwa hekta, na hapa Ilula wateja wangu hawahesabu hekta. Wanalima eka, nusu eka, robo. Wanakuja dukani nyanya zikiwa zimeshaanza kuungua majani, wanachukua chupa na kuuliza swali moja tu: "Mama, hii naweka kiasi gani kwenye bomba?" Kibandiko kinasema lita 1 kwa hekta, kwa maji lita 200. Bomba la mgongoni linabeba lita 20. Kati ya hekta ile na bomba hili kuna hesabu, na anayetegemewa kuifanya ni mwenye duka.

Hesabu yenyewe nilifundishwa shule ya msingi kama wengine. Tuliimba kilomita, hektomita, dekamita, mita, desimita, sentimita, milimita, mpaka ikawa kama wimbo wa mchakamchaka. Majina niliyashika. Nilijua pia kwamba ni kuzidisha au kugawa kwa kumi. Lakini lini nizidishe na lini nigawe, hapo nilibahatisha hadi namaliza darasa la saba, na maisha yakaendelea. Kwenye duka la pembejeo kubahatisha hakuna nafasi. Dawa ikizidi inachoma mmea na masalia yake yanabaki kwenye nyanya inayokwenda sokoni. Ikipungua, wadudu wanaopona ndio wanaozaliana, na msimu ujao dawa ileile haiwafanyi kitu.

Aliyenifungua ni binti yangu, wakati huo yuko darasa la tano. Alinikuta nakwaruza kwaruza kwenye daftari la mauzo akaniambia jambo ambalo mwalimu wao huwarudishia kila kipindi: "Mama, kabla hujaanza hesabu, sema kwanza namba itaongezeka au itapungua."

Basi. Siku zote nilikuwa naanza na kanuni, naye ananiambia nianze na kitu chenyewe. Lita 3 nazitaka kwa mililita: mililita ni kidogo sana, kwa hiyo zitahitajika nyingi, namba lazima ikue. 3,000. Gramu 250 nazitaka kwa kilo: kilo ni kubwa, hizi gramu hazijafika hata kilo moja, namba lazima ipungue. 0.25. Na hiyo 0.25 ni ile robo ambayo mtoto yeyote akitumwa sukari anaitaja bila kufikiri. Nikagundua kwamba dukani tunageuza vipimo kutwa nzima, ila tukiwa na sukari na mafuta ya kula hatuiiti hesabu.

Tangu hapo sikuandika jibu kabla ya kusema "itakua" au "itapungua". Nilisema kwa sauti, hata mbele ya wateja. Wengine walidhani nasali.

Kipimo cha urefu kikanyooka haraka, cha uzito na cha ujazo pia, maana vyote vinakwenda kwa ngazi ileile: kila daraja moja ni kumi, unashuka unazidisha, unapanda unagawa. Kutoka mita hadi milimita ni madaraja matatu, kwa hiyo elfu. Kutoka kilogramu hadi gramu matatu, elfu. Kwenye matumizi ya kila siku madaraja mengi ya katikati hata huyagusi. Sijawahi kumsikia fundi akiagiza mbao kwa dekamita.

Hektomita nayo niliiona ya bure vilevile, mpaka niliposhika suala la hekta. Hekta ni shamba la mraba ambalo kila upande wake ni hektomita moja, yaani mita 100. Mita 100 kwa mita 100, ndiyo mita za mraba 10,000. Neno lililokuwa limekaa kwenye wimbo wa shule bila kazi ndilo lililokuwa limebeba vibandiko vyote vya dukani kwangu.

Eneo ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Ukiuliza mita moja ina sentimita ngapi, utajibiwa 100 bila shida. Ukiuliza mita moja ya mraba ina sentimita za mraba ngapi, wengi watajibu 100 tena. Mimi niliamini jibu sahihi baada ya kuchora uani. Nilivuta kamba pande nne, kila upande mita moja, nikachukua kipande cha kadibodi cha sentimita 10 kwa 10, nikaanza kukipanga na kukichorea mchangani. Safu ya kwanza vilienea kumi. Safu ziko kumi. Vipande 100. Na kila kipande kina sentimita za mraba 100 ndani yake, maana ni 10 mara 10. Jumla 10,000. Kwenye eneo, kila daraja la ngazi linahesabiwa mara mbili, kwa sababu unapunguza urefu na upana kwa pamoja.

Kwenye ujazo linahesabiwa mara tatu. Hilo tulilijaribu na binti yangu kwa kutengeneza boksi la kadibodi, sentimita 10 kila upande na 10 kwenda juu, tukalitandika mfuko wa nailoni ndani na kumimina chupa ya maji ya lita moja. Lilijaa hadi ukingoni, likaanza kutuna tumbo pembeni, ila maji hayakubaki kwenye chupa wala hayakumwagika. Sentimita 10 mara 10 mara 10 ni 1,000, na lita ina mililita 1,000. Kwa hiyo sentimita moja ya ujazo ndiyo mililita moja. Mita moja ya ujazo inameza maboksi kama hayo 1,000, yaani lita 1,000, ambayo ndiyo uniti moja kwenye bili ya maji. Ndoo 50 za lita 20. Siku niliyoielewa bili nilikwenda kukagua mabomba yote ya nyumba.

Sasa turudi kwenye chupa ya dawa. Lita 1 kwa hekta, maji lita 200. Maji lita 200 ni mabomba 10 ya lita 20. Lita 1 ni mililita 1,000. Gawa kwa mabomba 10, unapata mililita 100 kwa bomba. Mwenye eka moja ana kama hekta 0.4, kwa hiyo maji lita 80, mabomba manne, dawa mililita 400. Kipimo cha bomba hakibadiliki, idadi ya mabomba ndiyo inayobadilika. Wakulima wengi hapa wanasema "heka" wakimaanisha eka, na mtu akisoma hekta kama heka anamimina dawa mara mbili na nusu ya inayotakiwa. Ndiyo maana namuuliza kila mteja shamba lake ni hatua ngapi kwa ngapi, simuulizi ni heka ngapi.

Hizo hatua nazo zina mambo yake. Eka huku ni hatua 70 kwa 70, na wazee waliotuachia hicho kipimo walikuwa wanajua wanachofanya, kwa sababu hatua ndefu ya mtu mzima inakaribia yadi moja, yaani sentimita 91 na kidogo. Yadi 70 ni mita 64, na 64 mara 64 ni mita za mraba 4,096. Eka kamili ni 4,047. Wamekosea wapi? Shida imeletwa na vijana wenye futi kamba wanaosema eka ni mita 70 kwa 70. Hiyo ni 4,900, imezidi kwa zaidi ya asilimia 20. Kama unakodisha shamba, umetoa ardhi ya bure. Kama unapuliza dawa ya eka moja humo, kipande cha mwisho kitabaki bila dawa.

Mbolea ya kitalu ikanipa njia ya mkato ninayoipenda kuliko zote. Kilo 200 kwa hekta ni gramu 200,000 kwa mita za mraba 10,000, yaani gramu 20 kwa mita ya mraba. Ukiangalia, ni kugawa kwa kumi tu: kilo kwa hekta, gawa kwa kumi, ni gramu kwa mita ya mraba. Kitalu cha mita 1 kwa 10 kinataka gramu 200, na hizo zinapimika kwenye mizani ya dukani.

Kupimia dawa nilihamisha watu kutoka kwenye kizibo. Vizibo havilingani, na ukimuuliza mtu ni kizibo cha chupa gani, kila mmoja ana chake. Nauza kikombe chenye mistari ya mililita, na kwa vipimo vidogo bomba la sindano la mililita 10, liwe la dawa ya shamba tu na likae mbali na watoto.

Kitu kimoja ambacho ngazi haikusaidii ni kutoka lita kwenda kilo. Maji yanadanganya: lita moja ni kilo moja, basi mtu anadhani kila kitu kiko hivyo. Mafuta ya kula lita moja ni kama gramu 920. Asali ni nzito, lita moja inakaribia kilo 1.4. Jirani yangu anafuga nyuki, na mnunuzi alimpa bei ya ndoo ya lita 20 kwa kuihesabu kilo 20. Tuliipandisha kwenye mizani yangu, tukatoa uzito wa ndoo tupu, ikasoma kilo 28. Mnunuzi aliguna, akapiga hesabu upya kwenye simu yake, akalipa.