Mwanamke Asomaye Karatasi Zake Mwenyewe

Mwalimu Julius Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, madarasa ya kisomo yalienea vijijini, mengine chini ya miti, na wanawake wengi waliofika humo jioni walikuwa wametoka shambani. Shangazi yangu alikuwa mmoja wao. Hadi leo husoma mwenyewe maandishi ya bahasha ya dawa, "kidonge kimoja kutwa mara tatu", akiyafuata kwa kidole, na katika kikundi chake cha kuweka na kukopa ndiye anayeshika daftari, kwa hiyo hakuna anayeweza kumwambia kuwa anadaiwa zaidi ya alichokopa.

Kwangu mimi, hapo ndipo ulipo uzito wa jambo hili. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume, lakini mjane asiyejua kusoma, akiletewa karatasi na wino wa kutia dole gumba, anaweza kulitoa shamba lake bila kujua, tena mbele ya mashahidi.

Ndiyo maana nilifurahi sana Novemba 2021, serikali ya Tanzania iliporuhusu wasichana waliokatishwa masomo kwa sababu ya ujauzito warudi shuleni baada ya kujifungua. Ruhusa hiyo pekee haitoshi, kwani binti mwenye mtoto mchanga anahitaji mtu wa kumlelea, nauli ya kila siku, na walimu wasiomsimanga. Wazazi wenzangu, nawasihi: msimfungie mlango binti yenu.