Kabla ya kuifunga trela nyuma ya pikapu

Shemeji amenunua trela ya kulala, imetoka Afrika Kusini ikapitia mpaka wa Kasumbalesa, na sasa hapa Lubumbashi kila mtu anamwambia: "Mukubwa, hii pikapu inavuta hata nyumba!" Muuzaji alisema kilo 1,250. Sawa, lakini hizo ni za trela tupu.

Jumamosi tuliipakia kama tunaenda Likasi kweli, tukaipeleka kwenye mizani ya malori. Maji lita 100, tayari kilo 100. Jenereta, mitungi ya gesi, magodoro, mifuko ya makala ya kupikia (dada yangu hasafiri bila makala). Mizani ikasoma 1,740.

Pikapu yake inaruhusiwa kuvuta 3,500, basi akaanza kucheka. Nikamwonyesha kibandiko cha mlangoni, uzito wa mwisho wa gari lenyewe likiwa limepakiwa. Hapo ndipo panapobana. Shingo ya trela, kile chuma cha mbele kinachofungwa kwenye gari, inatakiwa kulalia ndoano kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake, yaani kilo 174 mpaka 261, na hizo zinabebwa na pikapu pamoja na watu na mizigo yote ya nyuma.

Halafu jenereta walikuwa wameiweka mkiani. Shingo ikawa nyepesi mno. Trela ya namna hiyo ikishika mwendo inayumba na kulivuta gari huku na huku. Tukaisogeza jenereta mbele kidogo ya ekseli.

Zimebaki breki za trela. Bila hizo, pikapu ile ile inaruhusiwa kilo 750 tu. Fundi anakuja kesho.