Siku Hizi Nina Muda wa Kungoja

Nilistaafu ualimu mwaka 2019, nilipotimiza miaka 60, na hapa Ngamiani, Tanga, majirani bado wananiita Mwalimu. Ninalipenda jina hilo kuliko nililopewa na wazazi wangu, maana hili nililitafuta mwenyewe.

Juzi binti yangu aliyeko Dodoma aliniuliza kwenye simu, "Mama, huchoki kukaa tu?" Nikamwambia sikai. Nadhani hakuniamini. Basi mwanangu, soma hapa siku yangu inavyokwenda.

Baada ya swala ya alfajiri sirudi kitandani. Nafagia uwanja, nachuma mchaichai kando ya bomba, nabandika chai ya rangi. Zamani chai niliinywa wima, mkono mmoja kikombe, mwingine madaftari. Sasa nauacha mchaichai utokote mpaka harufu ifike barazani, ndipo nakaa. Vitumbua nachukua kwa jirani wa mtaa wa pili. Nakwenda mapema nipate vile vya mwanzo, mafuta yakiwa bado mapya.

Mara kwa mara nateremka soko la samaki la Deep Sea. Darasani nilifundisha habari za bamvua na maji mafu, yaani bahari inapojaa sana na inapojaa kidogo, jinsi mwezi na jua vinavyoivuta bahari, nikachora mishale ubaoni na watoto wakanakili. Pale sokoni somo lile naliona kwenye ndoo za wachuuzi. Mwezi ukikaribia kukomaa, dagaa huadimika, kwa kuwa wavuvi huwavuta kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikishatapakaa juu ya maji taa zinakuwa hazina kazi. Siku hizo nachukua kibua au changu, na dagaa nawangoja mpaka giza lirudi. Kusi ikivuma na bahari ikachafuka, kila samaki hupanda bei, na hapo mboga yangu inakuwa mchicha wa uani na kunde za nazi. Ninafurahi kujua haya na kuyapangia mapishi yangu.

Kuna mchuuzi mmoja pale niliyemfundisha kusoma. Akiniona kwa mbali anapaza sauti, "Shikamoo Mwalimu, wako huyu hapa!" na kumtoa changu aliyemficha kwenye barafu. Namlipa bei anayolipa mtu mwingine yeyote, hata akikataa. Ana watoto wa kulisha.

Jua likipanda nahamia kwa Bi Mkubwa, jirani yangu wa ukutani. Yeye amesuka ukili, ule ukanda wa majani ya mkindu unaoshonwa kuwa mkeka, tangu akiwa msichana, nami nilikuwa nikipita mlangoni kwake kila siku nikienda shule bila kupata nafasi ya kukaa. Sasa ananifundisha. Ukindu uliokauka huchanwa vipande vyembamba, vinavyotakiwa rangi hutumbukizwa katika maji ya rangi yanayochemka, kisha huanikwa. Kabla ya kusuka unaulowesha kidogo ulainike. Ukiwa mkavu unakatika, na ukizidi maji ukili ukikauka unalegea. Kiasi chake hakisemeki kwa kipimo. Bi Mkubwa anaushika tu, anaukunja kidoleni, anasema "bado" au "haya." Mimi niliyezoea kuandika maandalio ya somo, na lengo, na muda wa kila hatua, ninapenda mno kufundishwa na mtu asiyeandika chochote. Nakaa mkekani chini yake kidogo, namwita Bi Mkubwa kwa heshima yote, na mkono wangu ukienda vibaya anaushika na kuurudisha bila kusema neno.

Ukili ukishakuwa mrefu unakunjwa roli, na roli zikitosha ndipo mkeka unashonwa, ukingo kwa ukingo. Wangu una zambarau na kijani. Nimeshasema utakwenda Dodoma.

Saa kumi jioni, watoto wa mtaa wakishatoka shule na kula, anakuja mjukuu wa Bi Mkubwa na kitabu chake. Yuko darasa la kwanza. Hapa lazima nieleze nilikotoka. Mwaka 1974, kwa Azimio la Musoma, TANU iliamua kwamba kufikia mwisho wa 1977 kila mtoto wa umri wa shule ya msingi awe darasani. Walimu hawakutosha. Sisi tuliomaliza darasa la saba tukachukuliwa, tukafundishwa ualimu kwa masomo ya posta na vipindi vya redio huku tayari tunasimama mbele ya watoto. Tuliitwa walimu wa UPE, kifupi cha Kiingereza cha elimu ya msingi kwa wote, na wengine walilitamka jina hilo kwa dharau. Mimi sikuwahi kulionea haya. Nilikuwa kijana, na watoto walikuwa wamejaa mpaka dirishani, wengine wamekaa sakafuni, na walisoma.

Lakini katika darasa kama lile humngojei mtoto mmoja. Unanyoosha kidole kwa mtoto, anasimama, anakwama, na nyuma yake kuna umati wa wenzake. Unamsaidia neno haraka, au unamwambia keti, unamtaja mwingine. Nimelibeba hilo miaka yote. Halikuwa kosa la mtu, ila lilikuwa linauma.

Huyu wa sasa akikwama, namwacha. Jana alifika kwenye "wanakunywa." Akasoma "wa-na-ku," akanyamaza. Akanitazama. Nikatazama mlango wa jirani. Akaweka kidole juu ya zile herufi tatu, "nyw," midomo ikicheza bila sauti. Muuza kahawa alipita akigonganisha vikombe, sikumwita. Kisha mtoto akasema "nya," akatikisa kichwa mwenyewe, akarudi mwanzo wa neno, na safari hii likatoka lote: wanakunywa! Alilirudia kwa kelele mpaka bibi yake akatokea mlangoni kuuliza kuna nini. Nilifundisha tangu ujana mpaka kustaafu, na watoto wengi mno walijua kusoma mikononi mwangu, lakini hatua hii ndogo, kutoka kukwama mpaka kupenya, nilikuwa sijapata kuitazama yote kwa mtoto mmoja bila kumkatiza.

Magharibi inaingia. Tunaswali, tunakula. Saa mbili usiku nafungua redio kusikiliza taarifa ya habari ya TBC Taifa, mazoea ya tangu siku za Radio Tanzania, nilipokuwa nasoma ualimu kwa kuitegea sikio. Saa tatu nimelala.

Kitabu cha mtoto kinaelekea kwisha na ameanza kukariri, kwa hiyo sina hakika tena kama anasoma au anakumbuka. Jumatatu nitakwenda maktaba ya mkoa, lile jengo la kumbukumbu ya Mfalme George wa Sita, kumtafutia hadithi ambayo hajawahi kuisikia. Ameagiza yenye fisi.